Barafu Ile Ilikanyagwa na Weusi Tangu 1895

Nataka tuzungumzie mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu, hoki ya barafuni, na watu ambao habari za mchezo huo huwapita kimya kimya, yaani wachezaji weusi.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama, nieleze kidogo. Kila upande una wachezaji sita. Miguuni wamevaa viatu vyenye vyuma vyembamba vya kutelezea, na mikononi wameshika magongo marefu yaliyopinda nchani. Hakuna mpira. Kinachogombewa ni paki, kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa inchi tatu na unene wa inchi moja, uzito wake gramu 170 hivi. Kabla ya mechi hugandishwa ili kisidundedunde. Mtu mwenye mkono mzito akikipiga, huruka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Ukae ukijua kwamba kitu hicho kikikupata usoni, si ajali ndogo.

Sasa twende Montreal, Kanada, Jumamosi ya tarehe 18 Januari 1958. Wenyeji, Canadiens, wanaikaribisha Boston Bruins katika ukumbi wao wa Forum. Upande wa Boston yupo kijana wa miaka 22, Willie O'Ree, mzaliwa wa Fredericton katika jimbo la New Brunswick, kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Boston ikashinda mabao matatu kwa bila. Usiku ule O'Ree akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini.

Kulikuwa na jambo ambalo viongozi wa ligi hawakulijua. Miaka miwili hivi nyuma, akiwa katika ligi ya vijana, paki ilimpiga O'Ree kwenye jicho la kulia na kuliharibu karibu lote. Daktari alimwambia mchezo ndio basi, asirudi uwanjani. Akarudi. Na kwa kuwa kanuni za NHL hazikumruhusu mtu mwenye jicho moja kucheza, akaificha siri hiyo. Yeye alikuwa winga wa kushoto, kwa hiyo pasi nyingi zilimjia kutoka kulia, upande ule ule asioona. Ilimbidi ageuze shingo juu ya bega la kulia kila mara kuitafuta paki kwa jicho zima, huku mabeki wakubwa wakimjia mbio kumkumba. Katika hali hiyo alicheza mechi 45 za NHL, akafunga mabao 4 na kutoa pasi 10 za mabao.

Matusi aliyapata pia. O'Ree mwenyewe amesimulia kwamba katika miji ya Marekani alitukanwa kwa rangi yake, na kwamba kule Chicago mpinzani mmoja alimpiga mdomoni kwa ncha ya gongo akamng'oa meno. Amesimulia pia kwamba aliamua mapema kutopigana kwa sababu ya jina aliloitwa. Akikumbwa atajibu, lakini maneno peke yake hayatamtoa mchezoni.

Huyu ni shujaa, na heshima zake amezipata, ingawa zilichelewa. Mwaka 2018 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki kule Toronto, miaka 60 baada ya usiku ule wa Montreal. Januari 2022 klabu ya Boston iliistaafisha jezi yake namba 22, asiivae mwingine tena.

Lakini msikilizaji, hapa ndipo nina neno. Ukisoma habari nyingi za weusi katika hoki, utaona zinaanzia siku hiyo ya 1958, utadhani kabla ya hapo hakukuwa na mtu mweusi aliyegusa gongo, kisha wazungu wakamkaribisha mmoja. Hiyo ni kama kuhesabu umri wa mtoto tangu siku aliyoandikishwa shule. Mtoto alikuwepo. Alikuwa anatembea, anasema, anacheza. Shule ndiyo iliyochelewa kumwandika.

Basi tuhesabu upya, na tuanzie mahali panapostahili, jimbo la Nova Scotia, mashariki kabisa mwa Kanada, kwenye bahari ya Atlantiki.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha mwaka 1783, watu weusi wapatao 3,000 waliokuwa upande wa Waingereza walisafirishwa kwa meli hadi Nova Scotia. Waliahidiwa uhuru na ardhi. Ardhi wengi hawakuiona, na waliogawiwa walipata vipande vya mawe visivyoota kitu. Mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walikata tamaa, wakapanda meli kuvuka tena bahari hadi Sierra Leone, wakaujenga mji wa Freetown. Waliobaki walibaki na baridi na ubaguzi. Baada ya vita vya 1812 wakaongezeka wakimbizi wengine 2,000 hivi waliotoroka utumwa Marekani. Vizazi vyao ndivyo vilivyojenga vijiji vya weusi kandokando ya Halifax, na kitu kilichoviunganisha vijiji hivyo kilikuwa kanisa la Kibaptisti, lililokuwa na umoja wake wenyewe tangu mwaka 1854.

Ni humo kanisani hoki ya weusi ilimozaliwa. Mwaka 1895, wazee wa kanisa na vijana wachache waliosoma walianzisha Ligi ya Hoki ya Watu Weusi ya majimbo ya pwani ile ya mashariki. Shabaha yao ilikuwa wazi: vijana wa kiume walikuwa wanalikwepa kanisa, basi mchezo uwarudishe, na ukiwarudisha wajifunze nidhamu, wapate elimu, wainue hali ya watu wao. Miongoni mwa waliohusika wanatajwa James Johnston, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Dalhousie mwaka 1898, mweusi wa kwanza wa jimbo lile kufanya hivyo. Wanaoichunguza historia hiyo wanamtaja pia Henry Sylvester Williams wa Trinidad, aliyekuwa akisoma Halifax miaka hiyo. Jina hilo huenda umelisikia. Ndiye aliyeitisha Mkutano wa Umoja wa Waafrika mjini London mwaka 1900, mkutano wa kwanza wa aina yake, uliotangulia yote tuliyoyasoma baadaye kuhusu umoja wa Afrika. Ndiyo kusema hoki ya weusi na fikra za umajumui wa Afrika zilikulia katika mtaa mmoja.

Timu zikawa nyingi. Halifax ilikuwa na Eurekas. Ng'ambo ya bandari kulikuwa na Dartmouth Jubilees. Kijiji cha Africville kilikuwa na Sea-Sides. Truro walikuwa na Victorias, Amherst walikuwa na Royals, na katika kisiwa cha Prince Edward, Charlottetown walikuwa na West End Rangers. Enzi hizo barafu ilikuwa ya asili, hakuna mashine ya kugandisha maji. Klabu za wazungu zilitumia viwanja wakati barafu ni ngumu na safi, na weusi wakaachiwa mwisho wa msimu, barafu inapoanza kulainika na maji kutuama juu yake. Wakacheza hapo hapo. Watu wakalipa kiingilio, weusi kwa wazungu, na magazeti yakaandika, mengine kwa kebehi, mengine yakakiri kwamba mchezo ule ulikuwa wa kasi na wa kuvutia kuliko walivyozoea.

Hebu tumsogelee mchezaji mmoja. Aliitwa Henry Franklyn, kwa jina la utani Braces, golikipa wa Dartmouth Jubilees. Alikuwa mfupi sana. Wakati ule, katika ligi nyingi za Kanada, golikipa alitakiwa kucheza akiwa amesimama wima. Akipiga magoti au kujilaza ili azuie paki, huadhibiwa. Katika ligi ya weusi hakukuwa na katazo hilo. Basi paki ilipokuja chinichini, Franklyn alijiangusha kwenye barafu, akaziba goli kwa miguu na kiwiliwili. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1890. NHL, iliyoanzishwa mwaka 1917, iliruhusu jambo hilo Januari 1918, baada ya golikipa wa Ottawa, Clint Benedict, kujiangusha mara nyingi hadi wakubwa wakachoka kumwadhibu. Na leo ukitazama mechi yoyote ya hoki, popote duniani, golikipa hujiangusha chini mara kwa mara. Vitabu vya mchezo vikamsifu Benedict. Franklyn hakutajwa.

Yuko pia Eddie Martin wa Halifax Eurekas. Watafiti George na Darril Fosty, walioandika kitabu juu ya ligi hii mwaka 2004 baada ya kupekua magazeti ya zamani, wanamtaja Martin kuwa miongoni mwa wa mwanzo kuinua gongo juu na kulishusha kwa kishindo nyuma ya paki, mpigo ambao katika miaka ya 1950 ulimpa sifa kubwa nyota wa Montreal, Bernie Geoffrion. Sisemi kwamba weusi wa Nova Scotia ndio waliobuni kila kitu. Michezo hubuniwa na wengi, na jambo moja huweza kuvumbuliwa mahali pawili. Ninachodai ni haki ndogo tu, ile ambayo wahenga waliisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama walikuwepo na walifanya, waandikwe.

Kwa nini hawakuandikwa? Kwa sababu historia ya michezo huandikwa na wenye ofisi. NHL ilikuwa na makatibu, daftari za takwimu, makombe yaliyochongwa majina, na waandishi waliolipwa kuifuata. Ligi ya Nova Scotia ilikuwa na wachungaji, wabeba mizigo bandarini na wafanyakazi wa reli, waliocheza wakipata nafasi. Baada ya 1905 hivi ligi ilianza kuyumba. Miaka ya 1920 ikainuka tena kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha. Wachezaji wakazeeka, wakafa, na ushuhuda ukabaki katika kurasa za magazeti ambazo hakuna aliyezifungua.

Kisha hata mahali penyewe pakafutwa. Africville, kijiji cha akina Sea-Sides, kilikuwa ufukweni mwa ghuba ya Bedford, kaskazini mwa Halifax. Wakazi wake walilipa kodi, lakini mji haukuwapelekea maji ya bomba wala mtaro wa maji taka. Walichopelekewa ni reli iliyopita katikati ya nyumba, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, na jaa la taka la mji mzima. Katika miaka ya 1960 mji ukaamua kijiji kibomolewe. Baadhi ya familia zilihamishwa kwa malori ya kuzolea taka. Kanisa lao, lile lililokuwa moyo wa kijiji, lilibomolewa usiku wa Novemba 1967, watu wamelala. Kufikia 1970 hapakubaki nyumba hata moja. Meya wa Halifax aliomba radhi rasmi mwaka 2010. Kanisa la mfano wa lile la zamani limejengwa pale pale, na sasa ni makumbusho. Lakini ukivunja kijiji kizima umevunja pia makabati yaliyohifadhi picha, mabaraza ambako wazee walisimulia mechi, na wajukuu ambao wangesikiliza.

Kati ya ligi ile na usiku wa O'Ree yupo mtu mwingine, na huyu ndiye anayeniuma zaidi. Ni Herb Carnegie, mzaliwa wa Toronto mwaka 1919, wazazi wake wahamiaji kutoka Jamaica. Alisimulia kwamba alipokuwa kijana, akifanya mazoezi katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens, aliambiwa kuwa mkuu wa klabu ya Toronto, Conn Smythe, amemtazama kutoka juu akasema angemsajili kesho yake lau ingewezekana kumgeuza mweupe. Fikiri, kijana wa miaka 18 anaambiwa uwezo anao, tatizo ni ngozi. Maneno hayo alikaa nayo hadi uzeeni.

Carnegie hakuacha. Alikwenda Quebec, akacheza pamoja na kaka yake Ossie na rafiki yao Manny McIntyre, washambuliaji watatu weusi katika safu moja, jambo ambalo hoki ya kulipwa haikuwahi kuliona. Walijaza viwanja. Kuanzia 1946 hadi 1948, miaka mitatu mfululizo, Carnegie alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yao ya jimbo. Na katika mwaka huo huo wa 1946, katika jimbo hilo hilo la Quebec, Jackie Robinson alikuwa akichezea klabu ya besiboli ya Montreal, na mwaka uliofuata akapanda hadi ligi kuu ya Marekani. Mashabiki wa Montreal walimshangilia Robinson kwa moyo wote. Hoki iliona yote hayo, na haikujifunza.

Mwaka 1948 New York Rangers walimwita Carnegie kwa majaribio. Kwa masimulizi yake, hakuzidiwa na yeyote pale kambini. Wakampa mkataba wa timu zao ndogo, kwa pesa pungufu ya aliyokuwa akilipwa Quebec. Alikuwa na mke na watoto. Akakataa, akarudi. Baadaye alicheza Quebec Aces pamoja na Jean Béliveau, aliyekuja kuwa mmoja wa wakubwa wa NHL wa nyakati zote, na Béliveau hakuacha kumsifu. Alipotundika viatu, Carnegie alianzisha shule ya hoki na mfuko wa kusomesha vijana. Alifariki mwaka 2012, akiwa kipofu kwa ugonjwa wa presha ya macho. Ukumbi wa Mashujaa ulimwingiza mwaka 2022. Miaka kumi baada ya kifo chake.

Wako wanaojitetea kwa kusema NHL ilikuwa ndogo, na ni kweli. Kutoka 1942 hadi 1967 ilikuwa na klabu sita tu, nafasi zote za kazi hazikuzidi mia na kitu. Lakini hoja hiyo ukiigeuza inawahukumu wenyewe. Nafasi zikiwa chache, kila moja hutolewa kwa kujuana na kwa hofu ya mashabiki watasema nini, na anayeachwa huachwa bila kelele, maana daima yupo mzungu mwingine mzuri wa kumweka. Hata O'Ree hakufungua kitu kikubwa kama tunavyodhani. Alipoondoka NHL mwaka 1961, ilipita miaka 13 kabla ya kuingia mweusi wa pili, Mike Marson wa Washington, mwaka 1974.

Baada ya hapo walikuja, na walipokuja walifanya kazi. Grant Fuhr, golikipa wa Edmonton, aliinua kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mara tano. Angela James, msichana aliyekulia katika nyumba za serikali kule Toronto, alifunga mabao 11 katika mechi tano za kombe la kwanza la dunia la wanawake mwaka 1990, na mwaka 2010 akawa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuingia Ukumbi wa Mashujaa. Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, alifunga mabao mawili katika fainali ya Olimpiki ya 2002 kule Salt Lake City, Kanada ikaifunga Marekani 5 kwa 2. Alikuwa mwanamume mweusi wa kwanza kupata dhahabu katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Huenda unajiuliza, sisi wa huku kwenye jua kali yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Nairobi, katika hoteli iliyo Barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu, mdogo kuliko vipimo vya kawaida, na humo wamekuwa wakifanya mazoezi vijana wanaojiita Ice Lions. Mwaka 2018 walialikwa Kanada, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Nyota hao wawili wanatoka wapi? Nova Scotia, jimbo lile lile la Eurekas na Sea-Sides. Picha za safari ile zilizunguka dunia, na wengi walizitazama kwa mshangao, kana kwamba Mwafrika juu ya barafu ni kioja kilichozuka juzi. Kijana wa Nairobi anayevaa viatu vile anastahili kujua kwamba wakati uwanja wa kwanza wa barafu haujajengwa katika jiji lake, wakati jiji lenyewe halijazaliwa, watu wa damu yake walikuwa na ligi, na golikipa wao alikuwa akijiangusha juu ya barafu kulinda goli.

Mambo yameanza kusogea. Mwaka 2020 posta ya Kanada ilitoa stempu ya kuienzi ligi ile. Mwaka 2022 ilitoka filamu ya Hubert Davis inayosimulia habari hii kutoka Nova Scotia hadi leo. Hayo ni mazuri, ila stempu na filamu haziwezi kubeba mzigo wa vitabu vya shule na vya takwimu. Ligi inayokusanya mabilioni ya dola ina uwezo wa kulipa watu wakapekue magazeti yote ya Halifax, Truro na Charlottetown, wakatoe majina, mabao na tarehe, wakaviweke mahali ambapo mtoto yeyote anayejifunza historia ya hoki atavikuta ukurasa wa kwanza, pamoja na habari za wazungu wa wakati ule. Na akina bibi na babu waliotolewa Africville, ambao wengine wangali hai, waulizwe leo, maana wao hawatangojea kamati.

Mzigo wa kuwa mwanzo wa yote haukuwa wa Willie O'Ree. Sisi ndio tuliomtwika. Tumpe heshima yake yote, kisha tumweke katika mstari wake wa kweli: nyuma yake Carnegie, nyuma ya Carnegie Martin na Franklyn, na nyuma yao waumini wa Kibaptisti waliowaza mwaka 1895 kwamba mchezo unaweza kumwinua mtu. Mstari huo ulikuwepo miaka 63 kabla NHL haijamwona mmoja wao.